Jinsi ya kuandaa ziara binafsi ya utamaduni na mandhari ya Korea Kusini

Watalii wengi wanaokwenda Korea Kusini kwa mara ya kwanza hupangiwa siku mbili tatu za utamaduni ndani ya Seoul, kisha siku moja ya mandhari milimani au ufukweni, kana kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Ningemshauri msomaji aukatae mpangilio huo tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya ardhi ya nchi hiyo ni milima, na kwa karne nyingi Wakorea walipotafuta mahali pa kujenga mji, kijiji, kaburi au chuo walitazama kwanza mlima umekaa wapi na maji yanapita wapi, kwa kuwa kanuni yao, waiitayo baesanimsu, ilitaka mlima uwe mgongoni na maji yawe mbele. Asiyelijua hilo huona paa zuri na mto unaopita jirani. Anayelijua huona kwamba paa, mto na mlima vilipangwa pamoja. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kumlipa mwongozaji wa kwako peke yako badala ya kupanda basi la watu arobaini: unahitaji mtu wa kukuonyesha uhusiano huo pale pale uliposimama, kwa mwendo wako, tena aliye tayari kuulizwa swali la tatu na la nne juu ya jambo lile lile.

Kumchagua mwongozaji

Korea Kusini ina leseni ya taifa ya mwongozaji na mkalimani wa watalii, ambayo mtu huipata baada ya kufaulu mitihani ya historia ya nchi, vivutio vyake, sheria za utalii na lugha ya kigeni. Sheria inazitaka kampuni zinazohudumia wageni kutoka nje zitumie waongozaji wenye leseni hiyo, na mwenyewe anatakiwa kuivaa mahali inapoonekana akiwa kazini. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza kama mtu atakayekupokea anayo leseni, na uombe jina lake na lugha aliyofanyia mtihani. Kampuni inayosema kwamba mwongozaji atajulikana siku yenyewe inakuuzia gari, na gari peke yake halitakueleza lolote.

Kiswahili hakimo katika lugha za mtihani huo, lakini Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu vimo. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura ambaye Kifaransa ndicho anachokimudu, au aliyekulia Muscat na kusoma kwa Kiarabu, asijilazimishe Kiingereza kwa kudhani kwamba ndicho pekee kinachopatikana. Aombe lugha yake, ila aombe mapema, maana waongozaji wa lugha hizo ni wachache. Katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kuna Wakorea wanaosomea Kiswahili, na ukibahatika kumfahamu mmoja wao anaweza kuwa mwenzi mwema wa kutembea naye mjini, ingawa hilo halimfanyi kuwa mwongozaji wa kulipwa kisheria.

Namna bora ya kumpima mwongozaji ni kumtumia swali moja la maana kabla ya kumkubali. Mimi hupendekeza hili: kwa nini mahekalu mengi ya kale ya Kibudha yako ndani ya milima, mbali na miji? Atakayejibu kwamba watawa walipenda utulivu amekupa nusu tu ya jibu. Atakayekueleza kwamba utawala wa Joseon, uliodumu kuanzia 1392 hadi 1910, uliufanya Ukonfusio, yaani mafundisho ya mwanafalsafa Konfusio wa China, kuwa msingi wa dola, ukayabana mahekalu na kuwazuia watawa kwa muda mrefu kuingia mji mkuu, kisha akaongeza kwamba mengine yalikuwa milimani hata kabla ya hapo, huyo ni mtu wa kukaa naye siku nzima.

Ziara binafsi hufanyika kwa namna tatu. Kuna ya miguu na usafiri wa umma, kuna ya mwongozaji pamoja na dereva wake, na kuna ya mtu mmoja anayeendesha na kueleza. Ndani ya Seoul chagua ya kwanza bila kusita, kwa sababu treni za chini ya ardhi hufika karibu kila mahali na gari litakupotezea muda kwenye foleni na katika kutafuta maegesho. Mikoani gari linahitajika, na hapo, kama mfuko unaruhusu, afadhali dereva na mwongozaji wawe watu wawili, kwa kuwa anayeendesha hawezi kukuonyesha bonde kwa kidole, wala kushuka nawe mahali pasipo na maegesho. Teksi na mabasi ya utalii yenye kibali cha kubeba abiria kwa malipo huwa na vibao vya namba vya njano. Ukiletewa gari lenye kibao cha rangi nyingine, uliza wazi ni la nani, ni la kukodi au la mtu binafsi, na kama bima yake inamlinda abiria anayelipa.

Jambo moja liandikwe katika makubaliano yako: ziara isiwe na vituo vya ununuzi. Baadhi ya ziara za bei ya chini hufidia bei hiyo kwa kamisheni za maduka ya jinseng na vipodozi, na saa nzima ya siku yako huishia humo. Kampuni ya kweli haitachukizwa na sharti hilo.

Na kama fedha hazitoshi kwa siku zote, usiache kila kitu. Makasri ya Seoul yana waelezaji wake wanaotembeza wageni bila malipo ya ziada kwa saa zilizopangwa, jiji la Seoul lina matembezi ya bure ya miguu yanayoongozwa na waelezaji wa utamaduni kwa kujiandikisha mapema, na namba ya simu 1330, ya shirika la utalii la taifa, hujibiwa kwa Kiingereza saa zote za usiku na mchana. Ushauri wangu ni kumlipa mwongozaji kwa siku zile tu zenye uzito, kisha kusafiri kati ya mji na mji kwa treni ya mwendokasi peke yako. Mwongozaji anayefuatana nawe safari nzima hulipiwa malazi, chakula na nauli, na muda wake mwingi huishia kwenye kiti cha treni. Mwenyeji wa Andong au Gyeongju ataijua sehemu yake kuliko yeye.

Majira ya kusafiri

Mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili ni wakati wa maua ya micheri, na katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba ni wakati wa majani kugeuka mekundu na ya manjano, yakianzia mlima Seoraksan kaskazini-mashariki na kuteremka kusini wiki hadi wiki. Majira yote mawili yana hila zake. Katika majira ya machipuko, na tena kuanzia katikati ya Novemba, njia nyingi za juu katika mbuga za taifa hufungwa kwa kuhofia moto wa misitu, na hofu hiyo si ya bure: Machi 2025 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya hekalu la kale la Gounsa katika mkoa wa Gyeongsang Kaskazini na kukikaribia kijiji cha Hahoe. Mwulize mwongozaji kuhusu njia unayoitaka kwa jina lake, asikujibu kwa jumla kwamba mbuga iko wazi.

Mvua za jangma huanza mwishoni mwa Juni na kuendelea hadi karibu mwisho wa Julai, na baadaye huweza kufuatiwa na tufani. Majira ya baridi ni makali, Seoul ikishuka wakati mwingine hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, lakini anga huwa safi, wageni huwa wachache na mwongozaji hupatikana kwa urahisi. Mtu mwenye koti la kweli asiyaogope. Cha kuepuka kabisa ni siku za Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na Chuseok, inayoangukia tarehe 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda hiyo, kwa kuwa nchi nzima huwa barabarani ikirudi kwa wazee, tiketi za treni huisha mapema, na waongozaji wengi huwa makwao.

Viza na maandalizi ya safari

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Kongo anahitaji viza kabla ya kuondoka. Korea Kusini ina ubalozi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Kinshasa, na maombi ya utalii huambatana na taarifa za benki, uthibitisho wa kazi au biashara, na ratiba ya safari. Barua ya kampuni ya utalii inayoonyesha siku, miji na malazi huipa ratiba uzito, lakini haiwi dhamana ya viza, kwa hiyo usilipe fedha zote kabla pasipoti haijarudi mikononi mwako. Tafuta kampuni inayokubali amana ndogo na inayoandika wazi ni hadi siku ngapi kabla ya ziara unaweza kuahirisha na kurudishiwa fedha. Msomaji mwenye pasipoti ya Ulaya au ya Amerika ya Kaskazini kwa kawaida haombi viza kwa ziara fupi, ila aangalie kama anatakiwa kupata idhini ya mtandaoni ya K-ETA.

Saa za Seoul ziko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa sita. Siku ya kwanza ya kufika isiwe siku ya mwongozaji, maana utamlipa mtu mwenye elimu huku macho yako yanafumba. Na mnapokubaliana muda wa kukutana, andika kwa mtindo wa saa 24, yaani 09:00 na si saa tatu, hata kama mnaandikiana kupitia kwa jamaa anayejua Kiswahili. Umeme wa huko ni wa volti 220, lakini soketi ni za matundu mawili ya duara, hivyo chaja ya pini tatu za mraba ya nyumbani itahitaji adapta. Ramani za Google hazielekezi vizuri mtembea kwa miguu huko. Pakua Naver Map au KakaoMap kabla ya safari.

Siku za Seoul

Ningeianza siku ya kwanza ya Seoul kwenye kasri la Changdeokgung, ingawa kampuni nyingi huanzia Gyeongbokgung. Gyeongbokgung, kasri la kwanza la Joseon, lililojengwa mwaka 1395, limenyooka, lango likifuata lango kuelekea mlima Bugaksan, na lina maonyesho ya kubadilishana walinzi ambayo watoto huyapenda. Lakini liliteketea mwaka 1592 wakati wa uvamizi wa Wajapani, likabaki magofu kwa zaidi ya miaka 270, na sehemu kubwa ya unachokiona leo imejengwa upya. Changdeokgung lilianza kujengwa mwaka 1405. Nalo liliungua katika vita hivyo, ila lilirudishwa mwanzoni mwa karne ya 17, na wafalme wakalitumia kama makao makuu kwa zaidi ya karne mbili na nusu. UNESCO iliposajili kasri hili kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, ilitazama namna majengo yanavyofuata mikunjo ya kilima mahali pa kukilazimisha kilima kifuate majengo.

Nyuma yake iko bustani iitwayo Huwon, na hii ndiyo mahali pa kutumia saa mbili za subira. Bwawa la Buyongji ni la mraba, katikati yake kuna kisiwa cha mviringo, kwa kuwa katika fikra za wakati ule ardhi ilikuwa mraba na mbingu duara. Juu yake linasimama jengo la Juhamnu, lililojengwa mwaka 1776, mwaka ambao Mfalme Jeongjo alishika kiti, na chini yake palikuwa na maktaba ya kifalme. Wageni huingia Huwon kwa awamu zenye nafasi chache, kwa tiketi ya pekee juu ya kiingilio cha kasri. Sehemu ya tiketi huuzwa kwenye mtandao siku sita kabla na nyingine dirishani siku ile ile. Mkabidhi mwongozaji kazi hiyo kwa maandishi. Kwa kuwa ndani kwa kawaida maelezo hutolewa na waelezaji wa kasri, mwombe akae nawe nusu saa kabla ya kuingia akupe ya kutazama, na nusu saa baada ya kutoka mjibizane. Changdeokgung hufungwa Jumatatu na Gyeongbokgung hufungwa Jumanne, na si ajabu kukuta ratiba iliyochapishwa kwa wino mzuri ikiwa imesahau hilo.

Alasiri ipelekwe juu. Ukuta wa mji wa kale, ulioanza kujengwa mwaka 1396 na wenye urefu wa kilomita 18.6, umepita juu ya milima minne: Bugaksan kaskazini, Naksan mashariki, Namsan kusini na Inwangsan magharibi. Kipande cha Inwangsan, ambacho kilele chake kina mita 338, kinawafaa wenye miguu imara; cha Naksan kinawafaa wazee na watoto. Ukisimama hapo, kanuni ya mlima mgongoni na maji mbele, uliyoelezwa asubuhi, unaiona kwa mji mzima. Mwongozaji akikutaka uende madukani badala yake, mkatalie.

Mtaa wa Bukchon, wenye nyumba za kale za hanok, ni makazi ya watu. Tangu Machi 2025 sehemu yake yenye msongamano huruhusu watalii kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni tu, na anayekiuka hutozwa faini ya won 100,000. Nenda kimya, au usiende. Kuhusu mpaka na Korea Kaskazini, wageni wa eneo la handaki la tatu, mojawapo ya yale yaliyochimbwa na Kaskazini chini ya mpaka, kwa kawaida huingizwa kwa basi maalumu kutoka Imjingak, karibu na mpaka, wakiwa na pasipoti, hivyo ziara binafsi haikupi huko zaidi ya ile ya kikundi. Ukitaka kwenda, nenda na kikundi na uokoe fedha zako kwa ajili ya Andong.

Andong, siku ambayo haifai kukatwa

Kama ningeruhusiwa kumlipia msafiri siku moja tu ya mwongozaji, ingekuwa hii. Treni hutoka kituo cha Cheongnyangni, Seoul, na kufika Andong kwa takriban saa mbili. Mwongozaji mwenyeji na gari wakupokee kituoni.

Kijiji cha Hahoe kimezungukwa na mto Nakdong karibu pande zote, na ukoo wa Ryu wa Pungsan umekaa humo kwa takriban miaka 600. Kiliingia katika urithi wa dunia mwaka 2010 pamoja na kijiji cha Yangdong kilicho karibu na Gyeongju. Nyumba za vigae za mabwana ziko katikati, za mabua ya mpunga walizoishi wapangaji na watumishi zimezizunguka, na katikati kabisa uko mti mkubwa wa kale ambao watu hufunga karatasi za dua zao kandokando yake. Mwombe mwongozaji akueleze mgawanyo wa ndani ya nyumba ya bwana: sarangchae, sehemu ya mbele alikopokelea wageni wanaume, na anchae, sehemu ya ndani ya wanawake wa nyumba. Aliyelelewa katika nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja, yenye daka la wageni mbele na ndani ya wenyewe nyuma, ataelewa mara moja, na maswali yake yatakuwa bora kuliko ya watalii wengi.

Siku nyingi za wiki, alasiri, huchezwa hapo ngoma ya vinyago iitwayo Hahoe Byeolsingut Talnori, ambamo wanakijiji wa chini waliruhusiwa kuwakejeli mabwana na watawa mbele ya watu. Ukikaa bila maelezo utaona watu wanarukaruka. Ukinong'onezwa nani ni nani, utaelewa kwa nini mabwana wenyewe walitoa gharama za ngoma hiyo: hasira iliyotolewa uwanjani kwa kicheko haikubaki moyoni. Kisha vuka upande wa pili hadi jabali la Buyongdae, ukitazame kijiji kwa juu, mto ukikizunguka, na utaona kwa nini watu hawakutaka kuhama.

Umbali mfupi kutoka hapo kipo chuo cha Byeongsan Seowon, kimoja kati ya vyuo 9 vya Kikonfusio vilivyosajiliwa na UNESCO mwaka 2019. Kinamuenzi Ryu Seong-ryong, mzaliwa wa ukoo huo huo, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa vita vya 1592 hadi 1598. Mbele yake kuna banda refu lisilo na kuta liitwalo Mandaeru, na ukikaa kwenye ukumbi wa kufundishia, nguzo za banda hilo hukata mlima na mto ulio mbele katika vipande, kama kwamba mandhari yamewekwa ndani ya fremu. Wanafunzi walisoma wakitazama huko. Hakuna mahali pengine ninapopajua Korea ambapo jengo linafanya kazi kwa ajili ya mlima kwa uwazi kiasi hiki. Mwambie dereva asiharakishe, na kama ni Agosti, miti ya baerong itakuwa na maua ya waridi.

Chakula cha mchana cha Andong kinawafaa wasiokula nyama kiholela. Mji uko mbali na bahari, hivyo samaki aina ya bangala waliotoka pwani ya Yeongdeok walitiwa chumvi njiani, na samaki huyo wa chumvi, aliyechomwa na kuletwa na wali, ndiye fahari ya mji hadi leo.

Gyeongju, Suncheon na kwingineko

Gyeongju ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla kwa karibu miaka elfu moja, hadi 935. Makaburi ya wafalme ni vilima vya majani katikati ya mji, na watoto hupita na baiskeli kando yake. Hekalu la Bulguksa na pango la Seokguram, vyote vya karne ya 8, haviachwi na kampuni yoyote. Wewe ongeza asubuhi moja ya mlima Namsan wa Gyeongju, kwa njia ya bonde la Samneung, ambako sanamu za Budha zimechongwa kwenye majabali kati ya misonobari. Njia hiyo inahitaji viatu vizuri na saa tatu nne, na bila mwongozaji utazipita nusu ya sanamu bila kuziona.

Suncheon, kusini, ina mbuga ya matete kwenye ghuba ambako korongo hufika kukaa majira ya baridi, na hekalu la Seonamsa lenye daraja la mawe la upinde ndani ya msitu. Seonamsa ni moja ya mahekalu 7 ya milimani yaliyosajiliwa mwaka 2018. Mahekalu mengi hupokea wageni kulala, kwa mpango ulioanza mwaka 2002: utaamshwa alfajiri, utakula kimya, na utalala sakafuni, ambayo katika majira ya baridi hupashwa moto kutoka chini. Siku hiyo huna haja ya mwongozaji; hekalu lina mpangilio wake.

Seoraksan, wenye kilele cha mita 1,708, ni mzuri sana na umejaa sana wikendi za Oktoba. Nenda katikati ya wiki na ulale Sokcho. Vigari vya kebo vya kupanda Gwongeumseong huuziwa tiketi hapo hapo siku ile, na husimama upepo ukizidi, basi mwongozaji awe na mpango wa pili. Kisiwa cha Jeju ni safari ya peke yake, kwa ndege ya saa moja na kidogo. Huko muombe mwongozaji anayewajua haenyeo, wanawake wanaopiga mbizi bila mitungi ya hewa kutafuta chaza na konokono wa bahari, ambao utamaduni wao uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2016. Wengi wao ni wazee, na kamera haipaswi kutangulia salamu.

Msafiri wa Afrika Mashariki atakayefika Chuncheon akitoka kisiwa cha Nami asiikose kumbukumbu ya wanajeshi wa Ethiopia waliopigana upande wa Kusini katika vita vya 1950 hadi 1953. Waongozaji wengi hawaiweki kwenye ratiba mpaka uitaje.

Chakula, ibada na adabu

Mwislamu aeleze mahitaji yake kwa ukamilifu wakati wa kuweka nafasi, kwa sababu neno "bila nguruwe" halitoshi: mchuzi wa supu huweza kutokana na mifupa yake, na baadhi ya michuzi ya pilipili iliyochachushwa hutiwa kileo. Mwongozaji apige simu mikahawani kabla ya siku yenyewe. Msikiti mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, uko Itaewon na umezungukwa na mikahawa ya halali. Mikoani tegemea samaki, mboga, na chakula cha mahekalu, ambacho hakina nyama wala hata vitunguu. Beba msala, na mwombe mwongozaji aweke vituo vya sala ndani ya ratiba badala ya kuviiba njiani.

Ndani ya hekalu ingia kwa mlango wa pembeni, usikanyage kizingiti, vua viatu na usipige picha ndani ya ukumbi mkuu. Toa na upokee kwa mikono miwili. Mezani mngoje mzee aanze. Vaa soksi nzuri, maana zitaonekana mara nyingi.

Malipo

Bei uliyopewa iandikwe imejumuisha nini: saa za kazi na malipo ya saa za ziada, mafuta, ushuru wa barabara, maegesho, viingilio, chakula cha mwongozaji na cha dereva. Viingilio vyenyewe ni vidogo, makasri makuu yakitoza won 3,000, na anayevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, huingia bure. Mahekalu mengi makubwa, Bulguksa likiwemo, yaliacha kutoza kiingilio mwezi Mei 2023, basi usilipie tiketi isiyokuwepo. Bakshishi si desturi ya Korea na hakuna atakayekudai. Ukitaka kushukuru, kifurushi cha kahawa iliyokaangwa ya Bukoba au ya Nyeri, kikitolewa kwa mikono miwili, kitapokelewa vyema.

Saa za ziada zilipwe kwa kampuni na upewe risiti. Kabla hamjaagana, mwombe mwongozaji akuandikie kwa hangul, yaani herufi za Kikorea, kwenye karatasi na pia kwenye simu, jina la hoteli yako, kituo cha treni ya kesho na chakula usichokula, kwa kuwa dereva wa teksi wa Andong au mama wa mkahawa wa Suncheon ataisoma karatasi hiyo upesi kuliko anavyoweza kulifuata jina uliloandika kwa herufi za Kilatini.